Paipufishi, mlaji wa polepole: namna ya kumtunza kwenye tangi la matumbawe

Wa kwanza alinifia siku ya kumi na tisa, na tangi limejaa chakula. Mimi ni fundi wa friji hapa Mombasa, kazi yangu ni kutafuta kitu kimekufa kwa nini, kwa hivyo nilimtoa nikamlaza kwenye kisahani cha chai nikamkagua. Tumbo lilikuwa limebonyea kama utepe uliokunjwa. Kangaja wangu wawili, samaki wanene hao, walikuwa wakimaliza kila kitu kabla yeye hajageuza kichwa.

Paipufishi ni ndugu wa farasi-bahari, ila huyu amenyooka. Watu huja nyumbani wakimwona husema, "Ala, chuchunge!" Siye. Chuchunge hukaa juu ya maji na mwisho wake ni kikaangoni. Huyu anaishi kwenye mapango ya miamba, mdomo wake ni bomba jembamba lisilo na hata jino moja, na hana mfuko wa kuwekea chakula: akimeza, kinapita moja kwa moja utumboni. Hawezi kushiba asubuhi akangoja kesho. Ukilielewa hilo, mengine yote ninayokuambia hapa yatakuwa mepesi.

Chagua aina kwanza. Mimi nafuga wale wa mstari wa buluu, Doryrhamphus excisus, ambao wanapatikana hata kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki. Urefu wake haupiti sentimita 7 hivi, na mkia ni kama kibendera. Ndio wavumilivu zaidi. Wale warefu wenye pete, Dunckerocampus dactyliophorus, hufika karibu sentimita 19 na ukiwaona moyo unakwenda, lakini waache mpaka uzoee. Wale wanaotambaa chini, Corythoichthys, hushinda wakipekua mwamba kutafuta kopepodi, vijidudu vya majini, na wengi wao hukikataa kabisa chakula cha friza. Nunua jike na dume, au mmoja tu. Madume wawili ndani ya tangi dogo watapigana. Dume ana vinundu vidogo juu ya mdomo. Mpige picha kwa simu kisha uikuze, utaviona.

Dukani usiulize bei kwanza. Mwambie muuzaji, "Mlishe nimwone." Asipokula mbele yako, nenda zako, hata ukipunguziwa nusu bei. Mtazame kutoka juu: nyuma ya kichwa mwili uwe mviringo, usiwe na bonde. Mdomo usiwe na weupe wala uvimbe. Na nunua kwa mwenye leseni. Kwenda kuvua mwenyewe kwenye hifadhi za bahari ni kosa, na samaki aliyekimbizwa kwa wavu hafiki nyumbani mzima.

Sasa tangi. Lita 120 zinatosha kwa jozi moja, lakini liwe limekwisha kukaa miezi sita au zaidi, mawe yameota, na usiku ukimulika kwa tochi unaona vijidudu vyeupe vikitembea kwenye kioo. Hivyo ndivyo kopepodi, na ndiyo akiba yake ya kudonoa baina ya mlo na mlo. Panga mawe yaache mapango na nyufa. Mstari wa buluu hupenda kuogelea tumbo juu, chini ya paa la pango, usidhani anaumwa.

Mdomo wa pampu uvishe sponji. Paipufishi ana vipande vya mfupa badala ya magamba na hana nguvu ya kupambana na mkondo mkali. Akinyonywa akabanwa pale usiku mmoja, asubuhi unamkuta maiti. Sponji ioshe kila wiki kwa maji ya tangi, maana ikiziba pampu inachemka. Mahali maji yanapomwagikia kwenda tangi la chini, lile la kuchujia, paweke wavu wa matundu madogo. Mimi nilitumia kipande cha neti ya mbu, kikaziba kwa mwani siku mbili tu na sebule ikafurika. Tumia wavu wa plastiki mgumu, matundu ya milimita 3 hivi.

Majirani. Hapa watu wengi hukosea kwa sababu ya tamaa ya rangi. Chewa, bunju na kikande, hapana kabisa. Kangaja hatamuuma ila atamuua kwa njaa, kama nilivyosimulia. Samaki mandarini anaonekana mpole lakini anagombea kopepodi wale wale. Kaa wakubwa watoe. Anemone na matumbawe yenye mikono mirefu inayouma vikae tangi jingine. Paipufishi hupumzika kwa kuegemea, na akiegemea hapo haamki. Matumbawe laini hayana shida. Mimi nimebakiza konokono, samaki wadogo wawili wapole, basi.

Chakula ndicho kazi yenyewe. Kwa mwezi wa kwanza mpe artemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, wachanga waliototolewa siku hiyo hiyo. Chukua chupa ya soda ya lita 2, kata kitako, ipindue mdomo chini, tia maji yenye chumvi kidogo kuliko ya bahari, gramu 25 hadi 30 kwa lita, na nusu kijiko cha chai cha mayai yao. Ingiza bomba la hewa mpaka chini, litoe mapovu kwa nguvu, na uweke taa karibu. Kwa joto la kwetu, nyuzi 27 au 28, ndani ya saa 24 wametotoa. Zima hewa, ngoja dakika kumi. Maganda yataelea juu, na wachanga watakusanyika chini kwenye mwanga kama vumbi la rangi ya chungwa. Wanyonye kwa mrija, wachuje kwa kitambaa cha leso safi, suuza, walishe papo hapo. Usiwaache mpaka kesho, maana kiini walichozaliwa nacho wanakila wenyewe na unabaki kulisha maganda matupu. Ukiwabakiza, siku ya pili walishe kwanza mwani mwembamba wa kijani kwa saa kadhaa, ndipo wawe na maana tena.

Mayai huuzwa ghali madukani, na inanichekesha kwamba artemia walipandwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi tangu miaka ya 1980.

Baada ya wiki tatu au nne, anza kumzoesha cha friza: kopepodi waliogandishwa, mayai ya samaki, na mysis wale wadogo, jamii ya uduvi. Yeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi, mwaga maji yale machafu, changanya na artemia hai, robo ya friza kwa robo tatu ya hai. Kila siku chache ongeza kilichokufa, punguza kilicho hai. Zima pampu kubwa. Tumia mrija mrefu, peleka chakula mbele ya pango lake, mahali pale pale na saa zile zile. Atakuja, atasimama, atakitazama kwa jicho moja kisha kwa jingine, kama mama anayechagua nyanya Marikiti, halafu utasikia *tik*, amefyonza. Usimharakishe. Weka kengele ya simu dakika 20 ili ukumbuke kuwasha pampu. Mimi niliwahi kulala.

Mara ngapi? Mara tatu kwa siku, kidogo kidogo: saa moja asubuhi, saa saba, na jioni kabla ya taa kuzimwa. Mara mbili ni chini kabisa, tena kwa tangi lenye kopepodi wengi. Ili wasiishe, tangi la chini nimelijazia mwani na taa inayowaka usiku. Kopepodi huzaana humo bila kuliwa, na baadhi hupanda na maji. Chakula kingi huchafua, kwa hivyo nabadilisha lita 15 kila Ijumaa. Maji ananiletea ami mmoja mwenye mashua, anayateka nje ya mwamba maji yakiwa yamejaa. Mvua za masika zikianza simtumi, naogopa maji ya mito.

Joto ni eneo langu. Lenga nyuzi 24 hadi 26. Machi hapa chumba hufika 31, na maji yakipanda bakteria huzaana upesi, mdomo wake ndio unaoanza kuoza. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu. Mimi nimeifunga na kidhibiti cha digitali, kile kile ninachofunga kwenye friji za soda. Feni ikifanya kazi maji hupungua na chumvi hupanda, basi jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini, usijazie ya bahari. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari pembeni.

Mgeni yeyote, mweke peke yake kwenye tangi dogo wiki tatu kabla ya kumwingiza, na dawa za shaba usimkaribishie.

Mambo yakienda vizuri utawaona wakicheza alfajiri, na siku moja dume amebeba mayai chini ya tumbo. Ndiyo, dume. Mke wangu alisema amesubiri miaka kumi na nne kuona jambo hilo.

Na ukisafiri, usimwachie jirani kopo zima. Mimi humwachia mpwa wangu vikopo vilivyopimwa, vitatu kwa kila siku, kwenye friza, vimeandikwa saa. Mara ya mwisho nilimkuta amebakiza viwili. Nilipomuuliza akanijibu, "Mjomba, ilikuwa siku ya mechi."