Unaanza biashara na Wamarekani? Pitia haya kabla hujatuma bei

Wakuu, mimi natuma kahawa mbichi na vikapu vya Iringa kwa wateja wa Marekani, na maswali ninayoulizwa na wanaoanza ni yaleyale tu, kwahiyo naandika mara moja hapa halafu nitakuwa natuma linki. Sio siri za biashara, ni mambo ya kawaida kabisa ya ile nchi, ila ndo yanayokwamisha dili.

Hatua 1: Mteja yuko jimbo gani?

"Yuko Marekani" haitoshi. Majimbo yako 50, na Washington DC wala sio jimbo, alafu kuna jimbo linaitwa Washington, lenye Seattle, liko upande mwingine kabisa wa nchi, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka DC. Portland zinazojulikana zaidi ziko mbili, ya Oregon na ya Maine. Kwenye anwani soma zile herufi mbili za jimbo: CA ni California sio Canada. Baada yake kuna namba ya posta ya tarakimu tano, usiiache.

Faida nyingine ya kujua jimbo ni kwamba kampuni kule zinasajiliwa na jimbo, sio na serikali kuu. Kwa majimbo mengi unaingia tovuti ya Katibu wa Jimbo (Secretary of State), unatafuta jina la kampuni, unaona kama ipo hai. Ukikuta mteja yuko Texas ila kampuni imesajiliwa Delaware usishtuke, ni kawaida sana.

Hatua 2: Saa (hapa tulia)

Bara lenyewe lina kanda nne za saa, bado Alaska na Hawaii. Na saa zao zinahama: Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mbele saa moja, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha. Sisi hatuhami, kwahiyo pengo letu na New York ni masaa 8 wakati wa baridi kwao na masaa 7 kiangazi chao, Los Angeles ni 11 na 10. Arizona sehemu kubwa hawahami, wao ni 10 mwaka mzima.

Mteja wa New York akikwambia simu ni 9:00 a.m. yake, ukiwa Dar au Nairobi hiyo ni saa kumi na moja jioni kama ni Januari, na saa kumi jioni kama ni Juni. Wa Los Angeles akitaja hiyohiyo, we ni saa mbili usiku Januari, saa moja usiku Juni. Mi kwenye imeili naandika zote mbili, "9:00 a.m. New York / 5:00 p.m. Dar", na kamwe usimwandikie saa zetu za Kiswahili, utamsubiri mpaka kesho.

Hatua 3: Tarehe

Wanaanza na mwezi. 04/05/2026 kwao ni Aprili 5, sio Mei 4. Kwenye invoisi andika mwezi kwa jina, basi.

Hatua 4: Vipimo

Kahawa kule inaongelewa kwa paundi, na soko la New York linanukuu senti kwa paundi, yaani ukiona 300 ni dola 3 kwa paundi, ambayo ni kama dola 6.61 kwa kilo. Kilo moja ni paundi 2.2046. Sasa we unataka dola 6 kwa kilo, ukimwandikia "bei ni 6" bila kipimo yeye anasoma 6 kwa paundi, yaani zaidi ya dola 13 kwa kilo, anakaa kimya na we unabaki kulalamika Wamarekani hawajibu imeili. Andika 2.72 kwa paundi, na kilo pembeni. Vikapu vipime kwa inchi, kila inchi ni sentimita 2.54. Na kama unauza kitu cha umeme, wao wanatumia volti 120.

Hatua 5: Kuingiza mzigo

Kahawa ni chakula, kwahiyo sehemu inapoandaliwa au kuhifadhiwa inasajiliwa FDA (mamlaka yao ya chakula na dawa), unatakiwa uwe na wakala aliyeko Marekani, na usajili unahuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya Oktoba 1 na Desemba 31. Na kila mzigo unatolewa taarifa FDA kabla haujafika. Kusajili FDA ni bure. Watakuja watu kukuuzia "cheti cha usajili wa FDA", aisee FDA haitoi hicho cheti. Vikapu viwe na lebo ya nchi vilikotoka, kwa Kiingereza. Ushuru unabadilika, muulize wakala wa forodha siku hiyo, sio mimi.

Hatua 6: Hela

Benki za kule hazina IBAN (ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa inayotumika Ulaya), kuna namba ya benki ya tarakimu tisa na namba ya akaunti. Mteja akikuomba W-8BEN usiogope, ni fomu ya kuonyesha we sio mlipakodi wa Marekani, kampuni inajaza W-8BEN-E. W-9 usijaze, hiyo ni yao wenyewe. "Net 30" maana yake atalipa ndani ya siku 30 baada ya invoisi, kwahiyo mtaji wako uwe unavumilia, au omba nusu mapema, wengi wanakubali ukiomba bila kuzunguka.

Hatua 7: Kalenda

Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, usitegemee majibu. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na Ijumaa yake maduka ndo yanauza kishenzi, kwahiyo vikapu vya Krismasi vinatakiwa viwe stoo kwa mteja kabla ya hapo, na kwa meli maana yake maongezi ya oda yaanze mapema mwaka, sio Septemba.