Namna ya Kuzungumza na Shule Mwanao Anapopewa Kazi Nyepesi Kupita Kiasi

Kabla ya kwenda shuleni, funua madaftari ya mwanao ya majuma machache yaliyopita. Tuseme yuko Gredi ya 4, kurasa zote za kugawanya zimetiwa vyema, kazi ya Ijumaa haina tofauti na ya Jumatatu, na pembeni mwa ukurasa amechora magari ya matatu, moja baada ya jingine: huo ni ushahidi mzito kuliko malalamiko kwamba mtoto anachoshwa na masomo. Mjaribu nyumbani kwa hesabu za hatua inayofuata, kwani akikwama, huenda kasi yake ni papara tu.

Anza na mwalimu wa darasa. Omba kukutana naye kupitia dayari ya mtoto, na uepuke juma la kufungua na la kufunga muhula. Usilizushe jambo hili langoni asubuhi wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, maana mwalimu akiaibishwa mbele ya watu atajitetea badala ya kusikiliza. Katika shule nyingi za umma za Nairobi mwalimu huyo ana darasa lililofurika, na si haki kumchukulia kuwa mzembe. Mfungulie daftari, umwambie: "Mwalimu, naona haya ameyamudu. Akimaliza mapema, tunaweza kumwongezea nini?"

Pendekeza jambo dogo linalowezekana, kama vile maswali mawili yanayomtaka aeleze alivyofikiri, au kitabu cha kusoma akiwasubiri wenzake. Akiongezewa maswali ishirini ya aina ileile, kataa kwa upole. Hiyo ni kumwadhibu kwa kumaliza upesi. Mtaala wa umilisi (CBC) wenyewe una kiwango cha "kuzidisha matarajio", hivyo wewe mzazi una haki ya kuuliza aliyekifikia anaandaliwa nini.

Andikeni mliyokubaliana pamoja na tarehe ya kukutana tena. Mambo yasipobadilika, mwandikie mwalimu mkuu barua ya heshima yenye nakala za kurasa zile, na mwalimu wa darasa ajue kabla hujaipeleka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 huwahesabu wanafunzi wenye vipawa maalum miongoni mwa wenye mahitaji maalum, ila ningeiweka akiba hadi suala lifike kwa bodi ya usimamizi ya shule au kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Wakati mkisubiri majibu, mpeleke mtoto maktaba ya Kaloleni au Makadara, ajichagulie vitabu mwenyewe.