Somo: Namna ya kuzuia, na ikibidi kupinga, gharama za mzigo zinazoibuka baada ya kutuma

Ndugu wanachama, wengi wetu hapa Arusha na Moshi tumezoea kulalamika kwamba gharama za usafirishaji hupandia njiani, kana kwamba mzigo huongezeka uzito ukishapita Tengeru. Nami nililalamika hivyo hivyo nilipotuma vikapu viwili vya milulu kwa mteja aliyeko Ujerumani. Kampuni niliyoitumia ilinipa bei kwa simu kwa kufuata kilo 2.5 nilizowatajia, kijana wao akaja kwangu Sakina kuchukua mzigo, nikalipa, nikamtumia mteja namba ya kufuatilia. Siku ya tisa nikaletewa ankara ya pili iliyosema kwamba mzigo umetozwa kama kilo 16.5. Nilidhani mashine yao imekosea, lakini nilipochukua futi kamba na kupima boksi la aina ile ile, nilikuta hesabu yao ni sahihi na kosa lilikuwa mezani kwangu. Kwa sababu hiyo somo hili linaanzia mezani, kabla ya kufika kaunta.

Hatua ya kwanza: Pima boksi likiwa limekwisha kufungwa

Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege hulinganisha uzito wa aina mbili, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Wa kwanza ni uzito halisi unaosomwa kwenye mizani. Wa pili ni uzito wa ujazo, unaopatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Boksi langu lilikuwa na sentimita 45 kwa 45 kwa 40, yaani sentimita za ujazo 81,000. Ukigawanya unapata kilo 16.2, nazo zikapandishwa hadi nusu kilo iliyofuata. Haisaidii kueleza kwamba ndani mlikuwa na hewa tupu, kwa kuwa nafasi hiyo ya hewa ingeweza kubeba mzigo wa mtu mwingine. Muuzaji wa vikapu, kofia na vibuyu anapaswa kuiogopa futi kamba kuliko mizani. Muuzaji wa vinyago vya mpingo, kinyume chake.

Vikapu vyangu vina midomo mipana kuliko vitako, kwa hiyo vingeweza kuingia kimoja ndani ya kingine, na boksi lingepungua kimo hadi sentimita 28. Hapo uzito wa ujazo ungekuwa kilo 11.34. Bado ni mwingi kwa vikapu viwili, lakini ningeujua kabla ya kumtajia mteja bei, na pengine ningemshauri achukue vitatu katika nafasi ile ile.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni boksi lenye kitambi. Boksi la sentimita 30 kwa 30 kwa 20 lina uzito wa ujazo wa kilo 3.6, ambao hutozwa kama kilo 4. Ukilishindilia kofia mpaka kifuniko kikavimba kwa sentimita 4, kipimo cha kituoni husoma kimo cha 24, kwa maana hupimwa pale palipotokeza zaidi. Uzito unakuwa kilo 4.32 na unatozwa 4.5. Weka rula juu ya kifuniko baada ya kufunga: ikicheza huku na huku kama pembea, lifungue boksi na upunguze.

Kwa vifurushi vidogo vya Posta, mizani ndiyo yenye neno, na ukomo wake ni kilo 2. Bidhaa yenye gramu 1,950 ikishawekewa boksi, karatasi za kujazia na mizunguko mitatu ya selotepu huvuka ukomo huo, nawe unahamishiwa daraja la parseli lenye bei nyingine kabisa. Mizani ndogo ya jikoni inatosha kukuepusha na hilo. Wakati wa masika, usitumie maboksi yaliyolala nje pale soko la Kilombero; yananyonya maji, yanalegea pembe na kuvimba kabla hata hayajafika posta.

Hatua ya pili: Andika nani atalipa ushuru wa kule mzigo unakokwenda

Hapa ndipo ugomvi mkubwa unapotokea, kwa sababu mteja wa nje anaposema “nimekwisha kulipa usafiri” anaamini kwamba amelipa kila kitu hadi mlangoni kwake. Zamani mizigo yetu midogo ilipita bila kodi. Sasa milango hiyo imefungwa mmoja baada ya mwingine: Uingereza iliondoa msamaha wa mizigo isiyozidi pauni 15 tarehe 1 Januari 2021, Umoja wa Ulaya ukaondoa msamaha wa VAT kwa bidhaa zisizozidi yuro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikasitisha msamaha wa dola 800 kuanzia tarehe 29 Agosti 2025. Maana yake ni kwamba hata mkufu wa shanga wa dola 12 unaweza kudaiwa kitu unapoingia. Juu ya kodi yenyewe, msafirishaji anayeilipa kwa niaba ya mteja huongeza ada yake ya huduma, na kwa mzigo mdogo ada hiyo inaweza kuizidi kodi.

Waulize watu wa kampuni kama wanakubali ushuru ulipwe na mtumaji huku Tanzania au lazima ulipwe na mpokeaji. Kisha mwandikie mteja, kabla hajalipa, sentensi isiyo na mafumbo: “Bei hii haijumuishi kodi, ushuru wala ada ya forodha ya nchi yako, hizo utazilipa wewe utakapopokea mzigo.” Subiri ajibu kwamba amekubali. Ujumbe huo utauhitaji baadaye.

Hatua ya tatu: Jaza fomu ya forodha kama mtu anayetaka aeleweke

Kwa Posta utapewa CN22 au CN23 kulingana na uzito na thamani. Usiandike “bidhaa” au “vitu vya asili”, maana ofisa wa forodha asiyeelewa kilichomo ndani hulizuia boksi, na katika baadhi ya nchi kulizuia tu kunazaa ada ya kuhifadhi. Andika kwa Kiingereza ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipande vingapi na bei ya kila kimoja. Vikapu vilivyosukwa viko chini ya namba ya ushuru 4602. Anwani nayo iwe kamili pamoja na simu ya mpokeaji, kwani kampuni nyingi hutoza marekebisho ya anwani na kumdai mtumaji.

Hatua ya nne: Mizigo ya basi

Hapa mizani ni jicho la mpokea mizigo. Bei hukadiriwa kwa kutazama, na anayefika stendi saa kumi na moja alfajiri akiwa na haraka hulipa zaidi ya aliyeuleta mzigo jana yake mchana. Ukishalipa, hakikisha risiti imeandikwa kiasi, idadi ya maboksi na neno IMELIPWA, na neno hilo hilo liandikwe kwa kalamu nzito juu ya boksi lenyewe. Bila hivyo mteja wako atadaiwa nauli mara ya pili kule mwisho wa safari, nawe utakuwa huna cha kuonyesha.

Hatua ya tano: Ankara ya pili ikija

Usilipe siku hiyo hiyo, wala usikae kimya. Omba kwa maandishi vipimo walivyochukua, tarehe na kituo walikopimia, kisha linganisha na vyako. Kwa ajili hiyo, kila mzigo upigwe picha tatu kabla ya kuondoka: boksi likiwa juu ya mizani namba zikisomeka, futi kamba ikiwa imelazwa juu ya kila upande, na karatasi ya anwani. Nilipoanza kufanya hivyo, nilipinga ankara moja iliyosomeka sentimita 50 mahali ambapo picha yangu ilionyesha 40, nikarudishiwa tofauti baada ya wiki tatu za barua pepe.

Kampuni isipokujibu, peleka lalamiko TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia huduma za posta na vifurushi nchini. Watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe. Kwa parseli na barua za rejista za kwenda nje, ulizo la kutafuta mzigo hupokelewa Posta ndani ya miezi 6 tangu kutuma. (Tafadhali, asiende mtu kulalamika kwenye lile jengo refu la PAPU lililozinduliwa hapa Arusha mwaka 2023. Ule ni umoja wa posta za nchi za Afrika. Hawashughuliki na kikapu cha mtu.)

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Shikamoo dada. Natuma batiki Dar kwa basi na nauli nalipa mimi, lakini wateja wa Kariakoo wananirudia wakidai bodaboda ya kutoka Mbezi imewagharimu kuliko nauli ya basi lenyewe. Je, ni wajibu wangu?

Jibu: Marahaba. Si wajibu wako kama ulimwambia mapema, na ni wajibu wako kama ulimwandikia “usafiri bure”. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, mbali na Kariakoo, na mteja anayeagiza akiwa dukani kwake halifikirii hilo. Tangaza hivi: “Nauli hadi stendi ya Magufuli ni juu yangu, kutoka hapo ni juu yako.” Wateja watatu wa eneo moja wakiagiza wiki moja, wakutanishe watume bodaboda mmoja.

Mwanachama wa Njiro: Mteja wangu wa London anataka niandike “zawadi” na thamani ya pauni 10 ili asitozwe. Mzigo ni wa pauni 90. Nifanyeje?

Jibu: Kataa kwa upole, kaka. Msamaha wa zawadi Uingereza hauvuki pauni 39, na ni wa mtu binafsi kumtumia mwenzake bila malipo, wewe umeuza. Anayesaini fomu ni wewe, si yeye. Tena mzigo ukipotea, fidia itafuata hizo pauni 10 ulizoandika, naye mteja atakudai zote 90.

Mwanachama wa Usa River: Mteja amekataa kulipa ushuru, mzigo umerudishwa, na sasa nadaiwa gharama ya kurudi. Naruhusiwa kuukataa?

Jibu: Mara nyingi mtumaji ndiye anayedaiwa. Kwenye fomu ya parseli kuna sehemu ya kuchagua mzigo urudishwe au uachwe kule usipopokelewa, na wengi tunairuka. Kwa bidhaa ya bei ndogo chagua uachwe. Kwa huu uliokwisha rudi, linganisha deni na thamani ya bidhaa kabla ya kuamua. Kisha tumia ule ujumbe wa hatua ya pili kukata gharama hiyo kwenye pesa unazomrudishia mteja, ikiwa alikubali.

Mwanachama wa Ngaramtoni: Nimepata ujumbe kwamba mzigo wangu umezuiwa na nitume shilingi 4,500 kwa namba fulani. Nilipe?

Jibu: Hapana. Namba ya kufuatilia ya mzigo uliotumwa kwa Posta ya kwetu ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Ujumbe usioitaja, au unaotaka pesa ziende kwenye simu ya mtu binafsi, ufute, halafu uulizie mzigo wako kaunta ukiwa na risiti mkononi.

Mwanachama wa Sakina: Dada, kwa yule mteja wa vikapu aliyeko Ujerumani, ile tofauti ya kilo 14 hatimaye alilipa nani?

Jibu: Nililipa mimi, jirani. Mteja alikuwa amekwisha lipa bei niliyomtajia, nami sikuwa nimemwandikia lolote kuhusu kupimwa upya. Mwaka huu ameagiza tena, vikapu vitano, vyote vimeingiliana katika boksi moja la sentimita 45 kwa 45 kwa 46, na bei nilimpa baada ya selotepu ya mwisho.