Ufukwe wa Zanzibar usikuvunje moyo: panga safari kwa bamvua

Malalamiko makubwa ya wageni wa pwani ya mashariki ya Unguja ni haya: "Tumefika, bahari hatukuiona." Wamelipia chumba kinachotazama maji, wameamka asubuhi na kukuta mchanga na matope mepesi hadi kwenye mwamba wa matumbawe, mbali kiasi cha kilomita moja. Hoteli haikudanganya. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa, na wao wamefika yakiwa yamekupwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na toka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa sita na dakika kidogo. Kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na madogo hufika mita 3 hadi karibu 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 hivi. Vijiji vya mashariki vya Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa na Matemwe vina uwanda mpana usio na kina kati ya ufukwe na mwamba, kwa hiyo maji yakishuka mita 3 eneo lote hubaki wazi.

Sasa fanya hesabu kabla ya kulipa. Zanzibar ina tabia inayorahisisha kazi: siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tarehe ya Kiislamu kwenye kalenda ya ukutani inatosha kukupa makisio: mwanzo wa mwezi ni mwandamo, katikati ni mpevu. Kutoka hapo hesabu siku zako.

Ukifika siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yatajaa kama saa saba au saa nane mchana. Hizi ndizo siku bora za kuogelea mashariki, kwa sababu kujaa kunaangukia katikati ya mchana. Ukifika siku tatu au nne baada ya mwezi mpevu, maji yatajaa karibu na macheo na tena karibu na machweo, na saa sita mchana, jua likiwa utosini, mbele yako pana mchanga mtupu. Tofauti ya wiki moja tu katika kuchagua tarehe, na safari inageuka. Siku za maji mafu zinafaa pia: maji hujaa kama saa nne asubuhi, na hata yakishuka hayaendi mbali sana, ingawa kwenye maeneo yenye kina kifupi utaogelea kwa maji ya kiunoni.

Makisio hayo yahakikishe kwa jedwali la maji la Zanzibar, linalopatikana bure kwenye intaneti na kwenye programu za simu. Angalia safu mbili: saa na kimo kwa mita. Kosa la kawaida ni kusoma 10:00 ukadhani ni saa kumi; hiyo ni saa nne. Ukishapata saa ya kujaa, toa muda wa saa mbili na ongeza saa mbili: hicho ndicho kipindi chako cha kuogelea mashariki. Kwa bamvua ya kujaa saa kumi jioni, ni toka saa nane hadi saa kumi na mbili.

Kama una Jumamosi na Jumapili tu na tarehe haziwezi kubadilika, badilisha ufukwe. Kendwa, na upande wa magharibi wa Nungwi, kina huanza karibu na ufukwe na maji hayakimbii sana, kwa hiyo unaogelea karibu saa yoyote. Ni kaskazini kabisa, kama kilomita 60 toka mjini, na kuna watu wengi zaidi. Upande wa mashariki wa Nungwi hupwa kama Matemwe, kwa hiyo usiridhike na jina la Nungwi. Muulize mwenye hoteli iko upande gani.

Upepo nao ni wa kuzingatia. Kusi, Juni hadi Septemba, hupiga pwani ya mashariki moja kwa moja. Ndio maana wacheza kaiti, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, hukusanyika Paje, na ndio maana mwogeleaji wa kawaida hukuta mawimbi na mchanga unaomrukia usoni. Boti ya Dar hutikisika pia miezi hiyo. Masika, Machi hadi Mei, hoteli nyingine hufunga.

Maji yakipwa, usikae chumbani umekunja uso. Uwanda huo una samaki kwenye vidimbwi, kaa, na mashamba ya mwani ya wanawake wa Paje na Jambiani. Vaa viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu wanyama weusi wenye miiba mirefu hujificha kwenye mawe. Usikanyage kamba na vigingi vya mwani: ni riziki ya mtu. Anza kurudi mara tu maji yanapogeuka, kwani hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na ukisubiri uone mawimbi umechelewa. Usiogelee karibu na mlango wa mwamba, yaani pengo ambamo maji hupita, wakati maji yanatoka, hasa siku za bamvua. Mkondo wake humshinda hata mwogeleaji mzuri.

Sehemu nyingine zina hesabu ileile. Fungu la mchanga la Nakupenda huonekana maji yakipwa na hupotea yakijaa, kwa hiyo panda boti mapema kwa kufuata jedwali. Mgahawa wa The Rock kule Michamvi unataka kinyume chake: picha ya mwamba uliozungukwa na maji hupatikana yakijaa tu. Nyingine hazihitaji jedwali, ila zijue kabla ya kwenda. Mnemba ni kisiwa cha binafsi. Safari ya kawaida hukupeleka kwenye matumbawe yanayokizunguka, hukanyagi kisiwa. Changuu, ingawa huitwa kisiwa cha gereza, jengo lake la 1893 halikuwahi kutumika kama gereza bali karantini. Nenda kwa ajili ya kobe wakubwa. Beit-al-Ajaib, jumba la kihistoria la mjini, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020, hivyo picha nyingi za zamani hazilingani na utakachokiona.

Kabla ya kutuma fedha, mwandikie mwenye hoteli swali moja lenye tarehe: "Jumamosi ya tarehe fulani, maji yanajaa saa ngapi mbele ya hoteli yenu, na yakipwa naweza kuogelea?" Anayejua bahari yake atakujibu kwa saa. Anayekujibu kwa "maji yapo muda wote", mtumie tena swali, umtajie na kijiji.