Je, Dudumizi Hutabiri Mvua? Namna ya Kuchunguza Sauti ya Ndege Jijini Dar es Salaam

Wengi wetu wa pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba dudumizi akilia, mvua i karibu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipima dai hilo kwa simu, kompyuta na daftari, kama ninavyowaelekeza wanafunzi ninaofuatana nao vichakani. Nimemchagua ndege huyu kwa sababu yumo humu jijini. Kumbuka tu kwamba sauti iliyorekodiwa bila kuandika ndege alikuwa wapi na akifanya nini haimsaidii sana mtafiti.

Hatua ya kwanza ni kumtambua. Dudumizi ana mabawa ya hudhurungi, mkia mrefu mweusi na jicho jekundu, naye hupenda majani marefu na vichaka vizito, hasa karibu na maji, kwa hiyo mtafute katika mabonde kama la Mto Msimbazi. Wito wake ni mfululizo wa milio mizito inayoshuka kisha kupanda, mithili ya maji yanayomiminwa kutoka katika mtungi wenye shingo nyembamba. Dume na jike huitikiana, na sauti ya jike, ambaye ana mwili mkubwa zaidi, ndiyo nzito zaidi. Basi andika kama umesikia mmoja au wawili. Jamaa yake, dudumizi mweusi, ana maisha ya ajabu zaidi: mtafiti Wolfgang Goymann wa Ujerumani na wenzake, waliomchunguza huko Usangu, walionyesha kwamba jike ndiye anayetetea eneo na kupandana na madume kadhaa, huku dume akiatamia mayai na kulea makinda.

Hatua ya pili ni kuchagua kituo kimoja na saa moja isiyobadilika. Mimi huanza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla magari na bodaboda hazijajaa barabarani na kabla upepo wa bahari haujapata nguvu, nami hurekodi kwa dakika 15. Omba ruhusa ya mwenye eneo na uwaarifu viongozi wa serikali ya mtaa; utafiti rasmi unahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Hatua ya tatu ni kuiandaa simu. Izime mtandao, chagua faili la WAV (aina ya faili isiyobana sauti) lenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kisha ondoa mpangilio wowote wa kupunguza kelele. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Wanaorekodi ndege wadogo huchuja sauti zote zilizo chini ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) ili kuondoa mngurumo wa injini, lakini wito wa dudumizi umo humo humo, na ukichuja hivyo utamfuta yeye pamoja na magari. Ndege wengine huweza kuikwepa kelele: mwaka 2003 watafiti Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walieleza kwamba huko Leiden, Uholanzi, ndege wadogo aina ya *Parus major* waishio penye kelele nyingi huimba bila kutumia sauti za chini sana. Kwa dudumizi, dawa ni kuwahi alfajiri. Kila unapoanza kurekodi, taja kwa sauti tarehe, mahali na hali ya mawingu, na katika jina la faili andika 0545, ili saa ya Kiswahili isichanganywe na ile ya simu.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: andika pia siku za kimya. Niliwahi kupoteza kazi ya vuli nzima kwa sababu nilikuwa nikiandika siku ndege alipolia tu. Kumbukumbu zetu nazo hufanya kosa hilohilo, kwa kuwa mtu hukumbuka wito uliofuatwa na mvua na kuusahau ule uliofuatwa na jua kali. Weka pia kipima mvua palepale kituoni, kwani Mbagala huweza kulowa huku Mbezi pakiwa pakavu.

Hatua ya tano ni kuitazama sauti katika programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Fungua spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu, weka dirisha (kipande cha sauti kinachopimwa kwa mara moja) la sampuli 2,048, na utaona milio ya dudumizi kama vistari vilivyopangana sehemu ya chini. Hesabu miito na uiweke katika jedwali.

Hatimaye gawanya siku zako katika makundi manne: alilia na mvua ikanyesha, alilia isinyeshe, alinyamaza ikanyesha, alinyamaza isinyeshe. Tuseme alilia siku 20, na 12 kati ya hizo zikapata mvua. Akanyamaza siku 10, na 6 zikapata mvua. Pande zote mbili ni asilimia 60, kwa hiyo wito haukutabiri chochote. Linganisha siku za msimu mmoja tu, kwa maana dudumizi huzaliana wakati wa mvua na hulia zaidi kipindi hicho. Ukichanganya vuli na kiangazi, msimu wenyewe utakupa jibu la uongo. Wala usimchezee sauti iliyorekodiwa ili aitikie, kwani utamwondoa kiotoni na kuwaachia kunguru mayai yake.