Kabla hujaweka nodi ya kwanza kwenye ramani ya mto

Ukifungua WEAP, programu ya kompyuta ya kuiga mgawanyo wa maji ya mto, kwa mara ya kwanza, mkono unawasha kuburuta nodi, yaani alama za vitu kwenye ramani: mji hapa, bwawa pale, mto katikati. Subiri. Chukua karatasi, chora mstari mmoja kutoka milimani hadi baharini, kisha andika pembeni yake, kwa mfuatano, kila kinachoingiza maji na kila kinachoyatoa. Kwa mto Ruvu utaandika Mgeta, Ngerengere, mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, mtambo wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, halafu bahari. Mfuatano huo ndio programu inaoufanyia hesabu. Nodi ikisogea nusu kilomita kando, matokeo hayabadiliki. Nodi ya mtambo ikiruka upande wa juu wa makutano na Ngerengere, mtambo umenyimwa maji yote ya Ngerengere.

Penye utata ni pale vitu viwili vinapokaribiana. Kituo 1H8 cha kupimia mtiririko kiko kwenye daraja la barabara ya Morogoro, si mbali na Mlandizi. Je, maji yanayopimwa pale yameshachotwa na mtambo au bado? Usikisie kwa kutazama picha ya setilaiti. Mpigie simu anayesoma kipimo, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama mtiririko unaoulinganisha na wa modeli ni wa mto kabla ya kuchotwa au ni mabaki.

Halafu kuna viwianishi. Viandike kwa desimali, na kule kwetu kusini ya ikweta usisahau alama ya kutoa. Dar es Salaam iko takriban -6.8 na 39.2. Ukisahau alama hiyo, jiji linaangukia Ethiopia. Ukibadilishana latitudo na longitudo, unalikuta Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. (Hayo ni makosa mazuri, yanaonekana papo hapo.) Kosa baya ni la Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya mfumo huo, na ukizichanganya na nukta za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, vitu vinahama mita 300 hivi kuelekea kaskazini au kusini. Hakuna anayeshtuka, ila banio la kijiji limehamia kijito cha jirani. Kwa wanaotumia UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, bonde la Wami/Ruvu linakanyaga kanda mbili: Dodoma iko kanda ya 36, Morogoro ya 37. Geuza tabaka zote ziwe WGS84 kabla ya kuzipakia.

Mto uchore kutoka chanzoni kushuka, kwani programu inachukulia kuwa maji yanafuata mkono wako. Tawimto lazima bofyo lake la mwisho liguse mto mkuu, la sivyo maji yake hayatafika popote. Kuza ramani uone kama nodi ya makutano imetokea.

Jiji lenyewe unaweza kuliweka popote panaposomeka. Nodi ya Dar es Salaam ikae Dar es Salaam, mbali na mto, mradi viungo vyake, yaani mistari inayoipelekea maji, vianzie kwenye sehemu sahihi za mto. Amua mapema pia majitaka yanaishia wapi. Majitaka ya Morogoro yana njia ya kurudi Ngerengere, hivyo yanahitaji kiungo cha kurejesha maji mtoni. Ya Dar yanaishia mashimoni na baharini, na ukiyarudisha Ruvu kwa mazoea utakuwa umeuongezea mto maji usiokuwa nayo. Mimi niliwahi kufanya hivyo, na kwa wiki nzima nikajisifu kwamba kiangazi hakina shida.

Majina yawe mafupi na yafanane na yaliyo kwenye jedwali la vibali vya kutumia maji, herufi kwa herufi. “Ruvu Juu” na “RuvuJuu_mpya2” zikikutana kwenye faili la data, utatumia jioni nzima kutafuta ipi ni ipi.