Jinsi ya kukadiria eneo la majani kwa kutumia nyavu

Msitu unaopukutisha majani una neema moja: kila jani lililoko juu litashuka lenyewe. Huna haja ya kukata mti ili kupata fahirisi ya eneo la majani, yaani mita za mraba za majani (upande mmoja tu wa jani) kwa kila mita ya mraba ya ardhi.

Hatua ya 1. Kabla majani hayajaanza kudondoka, tega nyavu 15 hadi 20, kila mmoja wa nusu mita ya mraba, zikae juu ya ardhi na zipitishe maji. Mahali pa kuzitega papigie kura. Ukichagua kwa macho utakwepa vichaka bila kujua.

Hatua ya 2. Zoa kila wiki moja au mbili. Msimu mmoja niliziacha wiki tano za mvua, nikakuta majani meusi, yameshikana kwa ukungu, mengine yamebaki mishipa mitupu. Uzito uliokwisha kuoza haurudi.

Hatua ya 3. Ondoa vijiti na mbegu, kisha tenga majani aina kwa aina. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayobeba hesabu nzima.

Hatua ya 4. Kwa kila aina, chukua majani kama 100 yaliyodondoka karibuni, bila kuchagua. Jani la juani ni nene na zito; la kivulini ni jembamba, na gramu yake moja hufunika eneo kubwa zaidi. Ukiokota yanayopendeza tu, umeshakosea. Yaloweke yalainike, yanyooshe, yapitishe kwenye skana upate eneo. Yakaushe kwenye oveni kwa nyuzi 70 za Selsiasi, saa 48, uyapime. Gawanya eneo kwa uzito.

Hatua ya 5. Kausha na upime majani yote yaliyosalia vivyo hivyo, kisha zidisha uzito wa kila aina kwa eneo la gramu moja ya aina hiyo.

Tuseme wavu mmoja una gramu 90 za mwaloni, sentimita za mraba 150 kwa gramu, na gramu 60 za aina nyingine yenye 250. Hizo ni mita za mraba 1.35 na 1.5, jumla 2.85. Gawanya kwa 0.5: fahirisi ni 5.7. Ungezichanganya na kutumia wastani wa 200, ungepata 6.0.

Rudia kwa kila wavu, ndipo utafute wastani. Ukiwa na kamera ya kupiga picha kuelekea juu, itumie pia, ila linganisha majibu yake na ya nyavu: picha huhesabu shina na matawi kama majani, na majani yaliyosongamana huyaona kama moja.